Kutoka AutoCAD hadi Brosha: Namna ya Kuhamisha Ramani Bila Kuiharibu

Ukifanya kazi ya kutengeneza brosha na mabango hapa Dar es Salaam, ramani za majengo na viwanja zitakufikia tu. Leo ni mwenye apatimenti za Mbezi Beach, kesho ni dalali wa viwanja vya Kigamboni, keshokutwa ni shule inayotaka ramani ya eneo lake ibandikwe getini. Wote wana mchoro uliotoka kwenye programu ya CAD, yaani ya kuchorea majengo na viwanja kwa vipimo kama AutoCAD, na wote wanataka uingie kwenye programu ya usanifu kama Illustrator, CorelDRAW au Inkscape, upakwe rangi, usomeke na uchapwe ukiwa safi.

Jambo ninalomsisitizia kila kijana anayekuja kujifunza ofisini kwetu Sinza ni hili: mchoro husafishwa kule ulikozaliwa. Dakika kumi ndani ya AutoCAD zinakuokolea nusu siku ya kufukuzana na vipande vya mistari ndani ya Illustrator. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kabla ya kuhamisha. Kuhamisha kwenyewe ni kufupi.

1. Omba faili lenyewe

Mazungumzo huwa hivi:

"Kaka, ramani nimeshakutumia, icheki WhatsApp."

"Nimeiona bosi, ila hiyo ni picha ya skrini. Naomba umwambie aliyeichora akupe DWG yenyewe, na aitume kama dokumenti."

Picha ukiikuza inakuwa ukungu, na kuichora upya juu yake ni kazi ya siku nzima ambayo mteja hakuilipia. Ng'ang'ania DWG au DXF, yaani faili lenyewe la CAD. Kama haipatikani kabisa, omba PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye programu ya CAD. Iliyoskaniwa haitakusaidia. Namna ya kuzitofautisha ni rahisi: fungua PDF, kuza hadi asilimia 1,600 kwenye pembe ya ukuta. Mstari ukibaki mkali, ni vekta, yaani mistari halisi inayokuzwa bila kuharibika. Ukiona vigae vya kijivu, ni picha.

Muulize mchoraji pia kama mchoro wake unategemea mafaili mengine, yale wanayoyaita xref. Kama upo hivyo, atumie chaguo la Bind ndani ya amri ya XREF kuyaunganisha, au ETRANSMIT ili kila kitu kiingie kwenye folda moja. Bila hivyo utapokea kuta na kukosa nguzo, na hutajua kuwa kuna kitu kimekosekana mpaka mwenye jengo aone.

Na uombe ruhusa ya mbunifu. Kile kisanduku cha pembeni chenye jina na muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa na AQRB, bodi ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, hakikai kwenye brosha, lakini kukiondoa kimyakimya si haki. Mpigie mwenye kazi, mwambie unachofanya. Mara nyingi anafurahi, na anakupa faili bora kuliko ulilopewa na mteja.

2. Jua DWG yako ni ya mwaka gani

DWG na DXF zote ni mafaili ya AutoCAD, programu ya kampuni ya Autodesk, na zipo tangu AutoCAD ya kwanza ilipotoka mwaka 1982. Tofauti yake ni kwamba DWG ni umbo la ndani la programu, wakati DXF ilitengenezwa kwa ajili ya kubadilishana michoro na programu nyingine. Ndiyo maana Inkscape inafungua DXF lakini haifungui DWG.

DWG nayo imebadilika mara nyingi, na programu ya zamani haisomi DWG mpya. Illustrator ikikwambia faili haliwezi kufunguka, usimlaumu mteja kwamba ametuma faili bovu. Lifungue kwenye Notepad. Utaona takataka za herufi, ila herufi sita za mwanzo kabisa zinasomeka, na hizo ndizo zinazokwambia umri wa faili. AC1015 ni umbo la mwaka 2000, AC1018 ni 2004, AC1021 ni 2007, AC1024 ni 2010, AC1027 ni 2013 na AC1032 ni 2018. Funga Notepad bila kuhifadhi.

Ikiwa una AutoCAD, tumia SAVEAS uhifadhi kwa umbo la 2004 au 2007. Kama huna, zipo programu mbili za bure zinazoifanya kazi hiyo vizuri: DWG TrueView ya Autodesk, ambayo ni ya Windows, na ODA File Converter, ambayo inabadilisha pia DWG kuwa DXF, hata folda nzima kwa mkupuo. Ukishapata DXF unaweza kuisafisha kwa LibreCAD, nayo ni ya bure. Nimewaona vijana wengi wakihangaika na AutoCAD za wizi zilizojaa virusi kwa kazi ambayo hizi za bure zingeimaliza.

3. Safisha

Hifadhi nakala kwanza, na usiliguse tena faili la awali. Kisha, kwenye nakala:

Andika AUDIT ili programu irekebishe makosa ya ndani ya faili, halafu PURGE kuondoa leya (tabaka za mchoro), bloki (vitu vilivyochorwa mara moja ili virudiwe, kama mlango au kitanda) na mitindo isiyotumika. Mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu unaweza kubeba bloki za samani za miradi mingine kumi, zote zimejificha.

Pitia leya moja moja. Brosha ya kuuza nyumba haihitaji mabomba, waya za umeme, gridi ya nguzo wala alama za mikato. Usiishie kuzima leya hizo, futa vitu vilivyomo. Leya iliyozimwa inaweza kuibuka tena upande wa pili, na hapo itakuwa imechanganyika na nyingine.

Andika OVERKILL. Amri hii inafuta mistari iliyolaliana, yaani ukuta uliochorwa mara mbili mahali palepale. Kwenye karatasi kasoro hiyo haionekani. Lakini kama mchoro unaelekea kwenye mashine ya leza ya kukata akriliki, mashine itapita mara mbili kwenye njia ileile na kuunguza ukingo.

Kama mchoro una vitu vyenye kimo, mfano mistari ya mwinuko wa ardhi iliyochorwa na mpima, tumia FLATTEN kuvilaza vyote kwenye bapa moja. FLATTEN imo kwenye Express Tools, hivyo hakikisha zimewekwa.

Sasa tuje kwenye vitu vitatu vinavyosumbua kuliko vyote.

Cha kwanza ni hachi, ile michoro ya kujazia inayoonyesha vigae, zege au nyasi. Ikihama, kila kistari chake kinageuka kitu kinachojitegemea. Sakafu ya sebule moja inaweza kukupa maelfu ya vistari, na kompyuta ikaanza kukwama. Ifute yote. Rangi na vigae utaviweka mwenyewe kule mbele, na vitapendeza zaidi.

Cha pili ni maandishi. AutoCAD ina fonti zake za SHX, kama romans na simplex, ambazo programu za usanifu hazizijui. Zikihama, maandishi yanabadilika ukubwa, yanarukia ukuta wa jirani au yanapotea. Unaweza kubadilisha mtindo kwa amri ya STYLE ukachagua Arial, au ukayavunja kwa TXTEXP yawe mistari. Mimi nayafuta. Ramani nyingi zinakuja na LOUNGE na MASTER BED, na mnunuzi wetu anataka kusoma Sebule, Jiko, Stoo, Chumba Kikuu, Baraza. Kwa kuwa utayaandika upya kwa vyovyote, usiyabebe. Vipimo navyo vifute, uviandike upya vile vinavyomhusu mnunuzi: 4.2 m × 3.6 m inatosha kwa chumba, hana haja ya kujua umbali wa dirisha hadi kona.

Cha tatu ni mistari ya vipande, ile ya kuonyesha paa au mpaka wa kiwanja. Kila kipande kinaweza kuhama kama mstari wake, na ukitaka kubadilisha rangi ya mpaka unajikuta unachagua vijistari mia mbili. Kabla ya kuhamisha, badilisha aina ya mstari iwe Continuous. Vipande utaviweka upya upande wa pili, kwa mbofyo mmoja.

Na kuna zawadi moja ambayo watu wengi wa upande wetu hawaijui: BOUNDARY. Kuta kwenye CAD mara nyingi ni mistari iliyotengana, hivyo ukitaka kupaka chumba rangi kwenye Illustrator hakuna umbo lililofungwa la kupaka. Andika BOUNDARY, bofya katikati ya chumba, na AutoCAD inakuchorea umbo moja lililofungwa linalofuata kuta zote za chumba hicho. Viweke vyumba vyote kwenye leya yake, iite Vyumba. Mlango ulio wazi utaivuruga, kwa hiyo ziba kwanza nafasi za milango kwa mistari ya muda. Ni kazi ya dakika tano kwa nyumba nzima, na ndiyo inayofanya kazi ya kupaka rangi iwe starehe.

4. Ramani za viwanja: rudisha mchoro nyumbani

Sehemu hii isome taratibu kama unafanya kazi na wapima ardhi.

Mchoro wa viwanja wa mpima hauanzi kwenye sifuri. Una viwianishi halisi vya dunia. Dar es Salaam ipo kwenye kanda namba 37 Kusini ya UTM, mfumo wa kuonyesha mahali duniani kwa mita, na huko katikati ya jiji namba za mashariki ni kama 531,000 na za kaskazini ni kama 9,247,000, kwa mita. Kila bikoni, yaani alama ya mpima ya kona ya kiwanja, kwenye ramani ina namba ndefu za namna hiyo.

Ukiifungua DXF hiyo kwenye Inkscape unapata ukurasa mweupe. Mara ya kwanza iliponitokea nilidhani faili ni tupu, nikamrudishia mpima mara mbili, naye akaniambia mara mbili kwamba kwake linafunguka. Wote tulikuwa sahihi. Programu ilisoma kila mita kama milimita na kuuweka mchoro zaidi ya kilomita 9 kutoka kwenye ukurasa. Bonyeza namba 4 kwenye kibodi na Inkscape itakupeleka ulipo mchoro. Ila usiufanyie kazi hukohuko. Programu za usanifu hazikutengenezwa kubeba namba kubwa hivyo kwa usahihi, na mistari inaanza kucheza: kona zinahama kidogo, mapinda ya barabara yanakuwa na meno.

Dawa ni kuuhamisha mchoro ukiwa bado ndani ya AutoCAD. Andika MOVE, chagua vyote, bofya bikoni ya pembe ya chini kushoto kama mahali pa kushikia, kisha andika #0,0 na ubonyeze Enter. Alama hiyo ya # ni muhimu. Bila hiyo, AutoCAD iliyowashwa uandikaji wa kwenye kishale itaelewa kwamba unataka kusogea sifuri kutoka hapo ulipo, na mchoro hautatikisika hata kidogo.

Andika pembeni namba za ile bikoni kabla ya kuihamisha. Na nakala hii iliyohamishwa isirudi kamwe kwa mpima wala kwa mteja kama DWG. Namba zile ndizo zinazosema kiwanja kipo wapi, na mtu akijenga kwa kufuata nakala yako atajenga pasipo pake.

5. Piga hesabu ya skeli mapema

Mbunifu wa majengo anachora kwa milimita na kwa ukubwa halisi. Nyumba yenye upana wa mita 12.6 ni 12,600 kwenye faili. Illustrator ina kikomo cha inchi 227.5 kwa turubai ya kawaida, kama mita 5.78, kwa hiyo nyumba hiyo haiingii kwa ukubwa wake. Matoleo ya karibuni yana turubai kubwa mara kumi ya hiyo, ila hakuna sababu ya kufika huko. Kwa skeli ya 1:100 unazidisha kwa 0.01, na nyumba inakuwa milimita 126. Inakaa kwenye A4, na nafasi ya maandishi inabaki.

Mpima ardhi yeye anachora kwa mita. Hapa kuna jambo zuri: programu ikisoma mita moja kama milimita moja, tayari umepata 1:1000 bila kufanya chochote. Eneo la mita 600 kwa 400 linakuwa milimita 600 kwa 400, limezidi A2 kidogo. Zidisha kwa 0.5 upate 1:2000, na sasa ni 300 kwa 200, linalala vizuri kwenye A3.

Usiukuze wala kuupunguza mchoro kwa kuvuta kona kwa macho mpaka "ukae vizuri". Andika namba. Ukivuta kwa mkono bila kushikilia uwiano, chumba cha mraba kinakuwa mstatili, na mnunuzi ataamua kununua kitanda kwa kuangalia chumba ambacho hakipo.

6. Hamisha: PDF au DXF?

Kwa brosha ya nyumba, mimi nachagua PDF. Kwa ramani ya viwanja yenye leya nyingi, na kwa chochote kinachokwenda kukatwa na leza, nachagua DXF.

PDF: andika PLOT, chagua DWG To PDF.pc3, skeli 1:100, na monochrome.ctb ili kila mstari utoke mweusi badala ya zile rangi za skrini. Unene wa mistari unakuja kama mchoraji alivyoupanga. Upungufu wake ni kwamba ukiifungua, vitu vinakuja vimefungwa kwenye makundi na vifuniko vya kukatia, inabidi uvifungue kwanza.

DXF: hifadhi kwa umbo la 2000 au 2004. Kwenye Inkscape tumia Open, usitumie Import. Ukitumia Import, leya zote zinapotea na unabaki na rundo moja. Kwenye dirisha linalotokea chagua kuweka skeli kwa mkono, uandike ile namba uliyoipigia hesabu. Usiiachie ijipangie yenyewe kutosha A4, kwa sababu hapo skeli yako imekufa. Inkscape haizielewi bloki kikamilifu, hivyo kama milango au vyoo vimekosekana rudi AutoCAD, chagua vyote, andika EXPLODE, uhamishe tena.

Illustrator inafungua DWG na DXF zote mbili. Ikikuuliza, chagua ukubwa wa asili au asilimia yako, na usiruhusu iziunganishe leya. CorelDRAW nayo inazipokea zote.

WMF iache. Bado kuna wanaoipenda kwa sababu inaingia hata kwenye Word, lakini inageuza duara kuwa pembe nyingi, na ngazi ya mviringo inatoka kama nati.

7. Rangi nyeusi iwe nyeusi moja

Hili nimelilipia, kwa hiyo naliandika kwa urefu wake.

Nyeusi inayotoka CAD ni nyeusi ya skrini, RGB. Ukiibadilisha kwenda CMYK kwa ajili ya uchapaji, inageuka mchanganyiko wa wino zote nne. Kwenye picha au eneo kubwa hilo si neno. Kwenye mstari wa robo milimita ni balaa, maana bamba nne za uchapaji lazima zigonge mahali palepale, na karatasi ikisogea kidogo tu mstari unapata kivuli cha bluu upande mmoja na cha waridi upande wa pili. Kazi yangu moja ya brosha 1,000 za nyumba ilitoka hivyo. Mchapaji hakukosea chochote, faili lilikuwa langu. Tulizirudia zote kwa gharama yangu, na mteja alikosa brosha siku aliyokuwa amealika wanunuzi wake kuja kuona nyumba. Kile kilichoniuma zaidi ni hicho cha mwisho.

Basi: weka dokumenti iwe CMYK, chagua mistari yote myeusi kwa pamoja, na uandike 0, 0, 0, 100, yaani wino mweusi pekee. Inkscape inafanya kazi kwa RGB, kwa hiyo kazi ya kuchapwa kiwandani ipitishe kwenye Illustrator, CorelDRAW au Scribus kwa hatua hii.

Unene wa mistari pia upange hapo hapo. Kuta za nje milimita 0.5, za ndani 0.35, samani 0.18. Illustrator ikikuonyesha kwa pointi, kumbuka kuwa milimita 0.25 ni pointi 0.71. Na kama kazi ileile itakuzwa kuwa bango, washa kile kisanduku kinachofanya mistari ikue pamoja na mchoro, la sivyo bango la mita 3 litakuwa na kuta nyembamba kama unywele.

8. Pima kabla ya kutuma

Chagua ukuta mmoja unaoujua urefu wake kutoka kwenye DWG, usitumie mlango, maana milango huchorwa kwa mazoea. Chapa ukurasa mmoja wa A4 kwenye printa ya ofisini, weka rula juu yake. Ukuta wa mita 12.6 kwa 1:100 usome milimita 126. Ukisoma kama 122, faili lako halina kosa: printa imeupunguza ukurasa ili utoshe ndani ya kingo zake. Rudi kwenye mipangilio ya kuchapa, weka asilimia 100, chapa tena, pima tena.